Pole Niliyoipeleka Houston

Wenzangu wa kikundi cha jikoni, tangu nirudi Tanga hamnipi nafasi ya kupumua. Mmoja ananishika sokoni, mwingine ananivizia shughulini nikiwa nimeshika mwiko, kila mtu anataka kujua kulikuwaje na kama ni kweli nilipanda jukwaani mbele ya Wazungu. Nimesimulia vipande vipande mpaka vipande vyenyewe vimenirudia vimeshageuka, eti nimecheza sinema na Mchina. Basi naandika yote mara moja. Someni, mkimaliza mniache nipike.

Habari za visa na tiketi naziruka, hazina utamu.

Tanga mpaka Dallas

Mnajua marehemu mume wangu alizikwa siku ileile aliyofariki, na Salma wetu alikuwa Houston anasomea muziki. Hakuna aliyemlaumu kwa kukosa mazishi. Hata alipokosa arobaini nilinyamaza, nanyi mkanisaidia kunyamaza. Lakini kuna jambo sikuwaambia. Siku ile nilipompigia simu kumpa habari, alisema tu, "Haya, mama," kisha akaniuliza kama mvua zimeanza. Toka hapo kila nikitaja marehemu baba yako, mara mtandao unakata, mara anaitwa na mwalimu.

Siku moja, eda yangu inaelekea ukingoni, akaniambia kwamba wiki zote zinazokuja atakuwa thieta, ana opera. Mimi nikajua mwanangu anapasuliwa. Nikaanza kulia, yeye anacheka, ananiambia nisiwe na wasiwasi, amejiandaa vizuri. Kabla ya kukata akasema, "Haya mama, wasalimie wote nyumbani. Msalimie na baba."

Nilikaa sakafuni na simu mkononi.

Aliyenitoa kwenye habari ya kupasuliwa ni Idi, mtoto wa kaka yangu, anayekaa Mansfield huko Texas. Nilimpigia hapohapo. Akaniambia opera ni kuimba, na thieta ya huko si ile ya hospitali, ni ukumbi. Alhamdulillahi, nikapumua. Lakini ile salamu ya baba hata Idi hakuwa na la kuieleza. Alisema tu, "Shangazi, njoo."

Nikaona hapa hapana kutuma mtu. Ama mwanangu akili imemhama, ama amekataa kwamba baba yake amekufa, na yote mawili hayatibiwi kwa simu. Nilitaka nimtie machoni, tulie pamoja kama watu, na nimsikie akisema kwa mdomo wake kwamba baba yake hayupo. Hilo tu. Sikufuata majumba marefu wala maduka, jamani, msinisingizie.

Ndege mbili nilizipanda salama, ingawa chakula chake kilinitia simanzi. Wali wenyewe ulikuwa na njaa kuliko mimi. Ya pili ilipofika juu ya Dallas ikaanza kuzunguka, kwa sababu chini kulikuwa na radi. Tulizunguka mpaka nikaizoea taa moja ya barabarani. Jirani yangu, kijana wa Kihindi, alilala usingizi wa pono. Mimi nilisoma kila dua ninayoijua na nyingine nikazitunga.

Uwanjani nikakutana na mbwa. Mbwa mdogo, amevalishwa kizibao, anakagua mizigo ya watu wazima. Akaja moja kwa moja kwenye begi langu, akanusa, akaketi kitako na kunitazama usoni. Mimi nikaruka, mkaguzi akadhani nakimbia. Begi likafunguliwa mezani, vitu vyangu vyote vikaanikwa mbele za watu: bizari, ubuyu, dagaa, ndimu, pilipili mbichi. Ndimu na pilipili wakazitupa. Dagaa yule bwana alimshika mmoja kwa mkia, akamgeuza huku na huku, akaniuliza kitu. Nikafungua mdomo kumwonyesha kwamba analiwa. Akamrudisha mahali pake kwa heshima zote.

Mansfield, kwa Idi

Mansfield ilinishtua kwa ukimya. Nyumba nzuri, nyasi zimekatwa, magari yamejipanga, watu hakuna. Asubuhi nilikaa mlangoni nione nani anapita, nikaona squirrel, yaani kindi, na gari la taka. Nikamuuliza mtoto wa Idi majirani wamekwenda wapi. Akanijibu kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, na sikuelewa hata neno moja. Nikamwambia "ahsante", tukaachana hivyo.

Mke wa Idi alinikaribisha chai. Akaniletea bilauri ndefu, imejaa barafu, chai humo humo, sukari humo humo. Nilidhani ameisahau kwenye friji na ananionyesha tu ili acheke nami. Kumbe ndiyo yenyewe, Texas wanainywa hivyo na wanaona raha. Niliinywa yote kwa kuwa ni mgeni, na meno yakaniuma.

Jioni ya Jumamosi ndipo nilipojua kwamba kule nako kuna watu. Idi aliwaambia Watanzania wenzake kwamba shangazi yake amekuja, amefiwa. Wakaja kutoka Cedar Hill, wakaja kutoka Arlington, Waislamu kwa Wakristo, kila mmoja na sufuria. Magari yakatolewa kwenye gereji ya nyumbani, yakatandikwa mazulia na mikeka, wanawake tukakaa humo miguu tumeinyoosha, karibu na mashine ya kukatia nyasi. Mzee mmoja akasoma dua. Kisha kila aliyekuja akanishika mkono, akaniuliza ilikuwaje, nami nikasimulia: alivyoamka, alivyoomba uji, alivyosema kifua kinambana. Dada mmoja muuguzi, Mkenya, jina lake Njeri, hakuwahi kumwona mume wangu hata kwenye picha, lakini alilia akanilowanisha bega.

Na hapo ndipo uchungu uliponichoma. Wageni wa gerejini wamelia. Mwenye baba yuko Houston anaimba.

Nilimpigia usiku ule kumwambia nimefika. Alifurahi kweli, niliisikia furaha. Akasema hawezi kuja Mansfield, wako kwenye mazoezi, tutaonana kesho mapema ukumbini kabla ya onyesho la mchana, amenikatia viti vya mbele. Sikutaja msiba. Nikasema huu nitaupeleka mwenyewe kwa miguu yangu.

Barabara ya Houston

Idi ndiye aliyekuwa anipeleke. Asubuhi akaja amevaa nguo za kazi, uso umemshuka. "Shangazi, nisamehe. Kazini system imeanguka, wameni-call, siwezi ku-drive leo. Lakini Njeri yuko off, amesema atakupeleka."

Basi nikasafiri na Njeri. Nimeshawatania sana Wakenya katika maisha yangu, kwamba wanaomba kitu kama wanakudai, lakini huyu Mungu amlipe. Alikuwa na chapati na ndengu ndani ya hotipoti, mimi nina hotipoti ya pilau ya Salma niliyoipika alfajiri, na kila aliyetuona alijua hatutakufa kwa njaa.

Nilimuuliza yeye hospitalini anafanya kazi gani. Akasema, "Mimi niko theatre, Mum." Nikamwambia nawe unaimba? Akacheka mpaka akapunguza mwendo. Kumbe yeye ni wa ile thieta yangu, ya kupasua. Nikamwambia ajue tu kwamba neno lile lilishaniliza mara moja, asilichezee.

Barabara yenyewe imenyooka mpaka inachosha macho. Kulia uwanda, kushoto uwanda, ng'ombe wanene hawana mchungaji. Tulishapita Corsicana, nimeanza kusinzia, nikaona mbele yetu nyumba. Nyumba, jamani, yenye madirisha na mlango na pazia, inatembea barabarani. Nikafumba macho, nikafumbua. Nikamuuliza Njeri kama naye anaiona. Akasema huku watu hununua nyumba zilizokwishajengwa, zinakatwa katikati, zinapakiwa kwenye lori, zinapelekwa kiwanjani. Hii ilikuwa nusu ya nyumba. Upande uliokatwa wameufunga kwa nailoni, na upepo unaipiga.

Mbele kidogo ile nusu nyumba ikaegama. Gurudumu la trela lilitoka lami, nyumba ikainama kama mtu anayesikiliza mlangoni, na njia zote mbili zikaziba. Hakuna aliyeumia, lakini hakuna aliyepita.

Tukasimama. Saa ikasogea na sisi tuko palepale. Njeri akazima gari, akatoka, akarudi. "Mum, hiyo nyumba imekwama. Wanangoja crane ya kuiinua. Lakini usijali, tuta-make it." Niliyaona macho yake, hayakuamini alichosema mdomo. Kila nikitazama dirisha la ile nyumba limeinama nilikuwa nataka kulia. Nimevuka bahari, nimevuka jangwa, halafu nizuiwe na jiko la mtu mwingine.

Watu wakaanza kutoka magarini. Mzee mmoja mwenye kofia pana na buti za wachunga ng'ombe akatukuta tunakula chapati kwenye boneti. Njeri akamkaribisha, naye hakujivunga, alikunja chapati akachovya ndengu na kufumba macho. Kisha akaenda garini kwake akaleta mfuko wa nyama kavu. Nikamwambia Njeri amuulize kama ni nguruwe. Wakazungumza, mzee akaweka vidole viwili kichwani kama pembe. Ni swala, alimpiga mwenyewe kwa bunduki. Sasa swala wa bunduki asiyesomewa bismillahi nitamlaje? Lakini uso wa yule mzee ulikuwa na furaha ya kutoa, nikaipokea kwa mikono miwili, nikaitia mkobani. Alipotuuliza tunakwenda wapi, Njeri akamweleza habari yangu yote. Yule mzee akavua kofia. Kisha akatembea mpaka kwa askari wa barabarani, akazungumza naye, akatuonyesha mkono. Askari akatufungulia njia ya pembeni, kwenye nyasi, gari letu moja tu. Mpaka leo sijui alimwambia nini.

Ilikuwa tulale kwa rafiki yake Njeri kule Sugar Land, na tulipanga tupitie kwanza nioge, nivae ile suti ya kitenge niliyoishona kwa ajili ya siku hiyo. Hatukupita. Niliingia Houston na baibui langu la safari, limejaa makombo ya chapati, na doti yangu ya kanga begani.

Ukumbini

Onyesho lilikwishaanza. Mlangoni mama mmoja wa Kizungu aliyevaa suti nyeusi akatuwekea kidole mdomoni. Akaichukua hotipoti yangu ya pilau, akaipeleka mahali wanapotundika makoti, akanipa kibandiko chenye namba. Nikakishika kile kibandiko nikiwa nimeduwaa. Tukasimamishwa nje mpaka sehemu ya kwanza ikaisha, ndipo tukapelekwa gizani mpaka viti vyetu. Vilikuwa mbele kabisa, kando ya njia ya mbao iliyotoka jukwaani ikaja mpaka katikati ya watu. Ndani baridi ya friji. Nikafungua kanga moja nikajifunika.

Sasa niwaeleze nilichokiona, mkinicheka shauri yenu.

Upande mmoja wamekaa Wazungu na vinanda vya kizamani, kimoja kinalia kama mtu anachuna nyuzi kwa kucha. Upande wa pili wamekaa Wachina na upatu, vigoma vidogo na fidla ya nyuzi mbili. Wazungu wanapiga, Wachina wanasubiri. Wachina wanapiga, Wazungu wanasubiri. Mara wote pamoja. Njeri alininong'oneza kwamba Wazungu wanapiga muziki wa zamani wa wafalme wa Ufaransa, na Wachina wanapiga ngoma zao za jadi za maigizo, ila hadithi ni moja: mfalme amekwenda vitani, malkia anamsubiri.

Mfalme akatoka. Jitu kubwa, kifua kama kabati, ndevu. Akafungua mdomo, ikatoka sauti nyembamba ya mwanamke. Nilitazama nyuma yake kama kuna mtu amejificha. Njeri akanifinya, akasema ndivyo wanavyoimba, ni ufundi wake. Nikabaki mdomo wazi. Ufundi gani tena huo?

Kisha akatoka mwanamke wa Kichina, mzuri sijapata kuona. Uso mweupe, mashavu ya waridi, taji la lulu, mikono ya nguo yake mirefu mpaka inaburura chini. Hakutembea, aliteleza, hatua ndogo ndogo, na akirusha zile nguo za mikono zinapaa hewani kisha zinarudi zenyewe kukunjana. Njeri akasoma maneno ya Kiingereza yanayoandikwa juu ya jukwaa, akaniambia huyo ni roho ya malkia. Malkia mwenyewe anakuja.

Malkia akatoka amevaa nguo nyeupe pe, nyeupe ya sanda. Uso wamempaka, macho wameyavuta, nywele zimefungwa juu. Nikamtazama kama ninavyomtazama mtu mwingine yeyote. Alipoanza kuimba ndipo nilipokaa wima. Ilikuwa sauti ya mwanangu, ileile ya kumbembeleza mdogo wake, ila imekuwa pana, imejaa ukumbi mzima na hana hata kipaza sauti. Nilimzaa mimi, na sikumtambua mpaka alipofungua mdomo.

Wakaleta maiti ya mfalme juu ya machela, imefunikwa kitambaa. Salma akapiga magoti mbele yake. Vinanda vya Kizungu vikaanza kurudia sauti zilezile chache, zinashuka, zinaanza tena, zinashuka. Yeye juu yake anaimba, na Njeri ananisomea: mume wangu, nani amezima taa. Nikajua ni maigizo. Msidhani sikujua. Nilijua yule jitu chini ya kitambaa anapumua, nilikiona kifua kikipanda.

Lakini Salma akainua uso, na macho yake yakaja kwenye kiti changu, ambacho sehemu yote ya kwanza kilikuwa kitupu. Akaniona. Sauti ikakatika. Vinanda vikaendelea kuzunguka vikimsubiri. Kisha akaita, kwa Kiswahili, kwa sauti ya Tanga kabisa, "Baba."

Njeri akanishika mkono kwa nguvu. "Mum, hiyo haiko kwa maneno. Hapo juu wameacha blank."

Akaita tena. Akalala juu ya kile kitambaa, mabega yanaruka. Mimi nimepika kwenye misiba tangu nikiwa mwari, najua kilio cha mtu anayetaka aonekane, na najua kile kinachomtoka mtu bila ruhusa yake. Kile hakikuwa cha mfalme.

Sasa niambieni nyinyi. Ni mara ya kwanza naonana na mwanangu tangu afiwe. Mtu aliyefiwa mkionana mara ya kwanza unafanyaje? Unakaa kitini umekunja nne, unamtazama? Miguu ilisimama yenyewe. Ile njia ya mbao ilikuwa kiunoni kwangu, nikapanda kwa goti, nikatembea. Hakuna aliyenizuia. Baadaye nimeambiwa ukumbi mzima ulidhani ndiyo maigizo yenyewe, kwamba ni bibi kutoka nchi ya tatu.

Nikafika. Nikavua kanga nikamfunika kichwa. Nikakaa chini kwenye mbao, miguu nikanyoosha, nikamvuta akalaza kichwa mapajani kwangu na rangi yote ikanishukia kwenye baibui. Nikamwambia, "Pole mwanangu. Pole. Baba yako ametutoka." Akalia kilio alichokuwa amekificha miezi yote ile.

Ndipo nilipoinua macho, nikaona taa, nikaona watu gizani hawahesabiki. Nikajua nimeharibu kazi ya mwanangu mbele ya dunia nzima. Yule mfalme maiti alikuwa amefungua jicho moja ananitazama.

Aliyeniokoa ni yule mwanamke wa Kichina. Alishtuka mara moja tu, nilimwona. Kisha akaja kwa zile hatua zake ndogo, akatuzunguka, akarusha mikono yake mirefu ikashuka ikatufunika wote wawili. Akapiga magoti kando yangu, akaegemeza kichwa begani kwangu, akaanza kulia kwa wimbo wa kwao, mwembamba, unapanda na kukatika. Nikamshika mkono. Nikamwambia ahsante dada yangu, umekuja. Mchina wa upatu akaelewa, akapiga mara moja, taratibu. Wale wa vinanda wakazidi kuzungusha zile sauti zao, hawana pa kutokea. Tukalia wote watatu mpaka taa zikazima.

Kisha nikasikia makofi. Watu wamesimama, wanapiga makofi, wengine wanafuta machozi. Nimehudhuria misiba maisha yangu yote, sijawahi kuona mtu akipigiwa makofi kwa kufiwa.

Nyuma ya jukwaa

Walitupeleka kwenye chumba cha kujipambia, chenye vioo na balbu. Njeri akaletwa, akaikomboa na hotipoti. Salma hakuachia kanga, alikuwa ameing'ata ncha kama alivyokuwa akifanya utotoni. Walikuwa wamebakisha sehemu moja fupi, akatoka kuiimba na kanga yake kichwani, uso umechuruzika, na hakuna aliyemuuliza.

Onyesho lilipokwisha na Salma amerudi, mlango ukafunguliwa, akaingia yule dada Mchina na chupa ya chai. Chai ya moto, jamani, inafuka moshi. Nikampenda zaidi. Akanimiminia, kisha akaketi mbele ya kioo, akavua taji, akavua nywele, akajifuta uso kwa taulo. Alipogeuka nilikuwa natazamana na babu mwenye upara. Akanisalimia kwa sauti nzito ya kiume.

Chai ilinimwagikia. Mimi mjane, eda nimetoka juzi, nimeketi mbele ya watu wote na mwanamume ameniegemea begani, tena nimemshika mkono mwenyewe. Salma alipoiona sura yangu akacheka katikati ya machozi, akaniambia huyo ni mwalimu mkubwa sana kwao, anacheza wanawake tangu akiwa kijana. Yule mzee akainama kuniomba radhi, mikono kifuani. Nikamwambia Salma amwambie yamekwisha, ila asije akafika Tanga akasimulia. Nikampakulia pilau.

Walipotulia wote, nikamuuliza mwanangu. Sikumgombeza. Nilimuuliza kwa nini alinituma nimsalimie baba.

Aliizungusha ile ncha ya kanga. "Nilikuwa nakusikia, mama. Kila ulichosema nilikisikia. Lakini nikija Tanga ningekuta kiti chake kitupu. Nikibaki huku, yeye yuko palepale. Ukinipigia wewe, yeye amekwenda msikitini. Nikiimba, nasema nitamtumia asikie." Akaing'ata tena ile ncha. "Hapa hakuna anayejua. Sijamwambia mtu hata mmoja. Nikimwambia mmoja, basi."

Nilimtazama Njeri. Alikuwa ameinama anafuta hotipoti ambayo haikuwa chafu.

Kabla sijajibu akaingia mkuu wao wa maonyesho, Mfaransa mrefu mwenye miwani, anatabasamu mpaka magego, mikono ameitandaza. Akanibusu mashavu yote mawili kabla sijajua kinachoendelea. Siku hiyo nilikwishachoka kushtuka. Akazungumza haraka haraka, akinionyesha mimi, akionyesha kanga, akionyesha sakafu. Njeri akanitafsiria kwa sauti ya chini: anasema ni kitu kizuri kuliko vyote alivyopata kuona jukwaani, hajui Salma alikipanga vipi kimya kimya, na anaomba kesho mama apande tena, palepale, na kanga ileile.

Nilifungua mdomo nimpe dozi yake kwa Kiswahili, aelewe asielewe. Salma akaniwahi, akaweka mkono gotini kwangu. Akasimama, akamjibu kwa Kiingereza, maneno machache tu, wala hakupandisha sauti.

Tabasamu likamtoka yule bwana. Akavua miwani. Babu wa Kichina akaweka chini sahani ya pilau.

Nikamuuliza, "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia haiwezekani, mama." Akanigeukia. Rangi ilikuwa imemtoka usoni karibu yote, nikamwona mwanangu mzima. "Nimemwambia baba yangu amefariki."

Nikamwambia arudie, nimsikie vizuri.

"Baba yangu amefariki," akasema.

Nikasimama, nikamwitikia kama anavyoitikiwa mtu aliyekuja mlangoni na habari mbichi ya msiba. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Naye akaitikia.